Plagi mbili kwa silinda moja: uzushi na ukweli kuhusu taimingi ya magari ya kale

Bentley 3 Litre, gari la Kiingereza lililoanza kuwafikia wateja mwaka 1921 na kushinda mbio za Le Mans mwaka 1924 na 1927, lina silinda nne lakini plagi nane. Zinahudumiwa na magneto mbili, yaani vifaa vinavyojizalishia umeme wa cheche bila betri, kila moja na plagi zake nne. Nash za Marekani za miaka ya 1930 zilipita njia nyingine: distribyuta moja (kifaa cha kugawa umeme kwa plagi) yenye jozi mbili za pointi, yaani vibao vidogo vinavyofunguka na kufunga ili kukata umeme, na koili mbili za kuongeza nguvu ya umeme wa betri. Rolls-Royce Silver Ghost ilichanganya koili ya betri na magneto. Mifumo inatofautiana, ila uzushi unaosikika gereji kuhusu taimingi, yaani wakati wa cheche kuruka, ni uleule.

“Plagi ya pili ni ya akiba.”

Dhana hii ndiyo mama wa nyingine zote. Kweli, magneto za enzi hizo ziliweza kufa njiani, na kuwa na mfumo wa pili kulimrudisha dereva nyumbani. Lakini injini kama ya Bentley ikiwa kazini, plagi zote mbili hurusha cheche pamoja. Mchanganyiko wa hewa na petroli unawaka kutoka pande mbili, kwa hiyo moto unamaliza kazi upesi na cheche haihitaji kuwahishwa sana.

Hapo ndipo wengi wanapokosea. Fundi anawasha magneto moja, anawahisha cheche hadi sikio limridhie, kisha anaunganisha ya pili. Sasa moto unakwenda kasi kuliko alipokuwa akipima, na taimingi aliyoipenda imewahi kupita kiasi. Injini inaanza kugonga, naye analaumu petroli.

“Seti moja, nyingine itafuata.”

Haifuati. Kila magneto ina pointi zake na kiungo chake cha kuiendesha, na kila kimoja kinaweza kulika kivyake. Anza na mwanya wa pointi, ambao kwenye magneto nyingi ni kama milimita 0.3. Ukiupanua, pointi zinafunguka mapema na cheche inawahi, ukiubana, inachelewa. Anayeseti taimingi kwanza na kurekebisha mwanya baadaye ameivuruga kazi yake mwenyewe.

Kisha toa plagi zote, zungusha injini kwa mkono na utafute pistoni namba moja ikiwa juu kabisa. Juu ipi? Katika injini ya mipigo minne pistoni hufika juu mara mbili kwa kila mzunguko kamili wa kazi, na unayoitaka ni ile ya mwisho wa mgandamizo, valvu zote za silinda hiyo zikiwa zimefunga. Sogea hadi alama ya kitabu cha gari ukizungusha upande ule ule injini inakozunguka ikiwaka. Ukipitiliza, rudi nyuma mbali kidogo, halafu ujie tena, maana meno ya gia na viungo vina ulegevu unaoweza kula digrii kadhaa.

Cheche ya magneto huruka pointi zinapoanza kufunguka, si zinapofunga. Kupata nukta hiyo hakuhitaji kifaa cha bei: bana karatasi ya sigara katikati ya pointi na uivute taratibu huku mwenzako akizungusha injini. Inapoachia, ndipo penyewe. Taa ya betri ya kupimia kama pointi zimefunguka inadanganya hapa. Waya wa msingi wa magneto una ukinzani mdogo mno, hivyo taa hubaki inawaka pointi zikiwa zimefunga au wazi, na watu huitangazia kifo magneto isiyo na ubovu.

Na je, cheche mbili lazima ziruke kwa wakati mmoja hasa? Kwa kawaida ndiyo, ila zipo injini za ndege ambazo upande wa ekzosi huwahishwa kidogo, kwa sababu mabaki ya moshi pale hupunguza kasi ya moto. Kitabu cha injini ndicho cha kufuata.

“Injini imetulia, kazi imekwisha.”

Mfumo usio na ubovu huficha ubovu wa mwenzake. Marubani wa ndege ndogo za pistoni, hata pale uwanja wa Wilson jijini Nairobi, huzima magneto moja moja kabla ya kuruka na kutazama mizunguko inashuka kiasi gani. Fanya vivyo hivyo. Kushuka kidogo ni sawa, na pande zote mbili zishuke karibu sawa. Ukizima moja na mizunguko isishuke kabisa, usishangilie: huenda haikuzimika.

“Swichi ikizimwa, hakuna cheche.”

Kwa koili ya betri, ni kweli. Magneto ni kinyume: swichi huizima kwa kuiunganisha kwa waya na bodi ya gari, kwa hiyo waya huo ukikatika magneto inabaki hai. Kwa gari la kuwashwa kwa hendeli hilo si jambo dogo, kwani cheche iliyowahi huirudisha hendeli nyuma kwa nguvu ya kuvunja mkono. Rudisha kidhibiti cha taimingi kwenye usukani upande wa kuchelewesha kabla ya kuigusa, hata kama swichi inaonyesha pamezimwa.