Mbio za udongo si ugomvi usio na refa

Vijana wa Kijenge hapa Arusha wakitazama klipu za mbio za udongo za Marekani, yaani mbio za magari kwenye njia ya udongo, husema, "Pale unamgonga mwenzako tu, sheria hakuna." Zipo, tena kali. Ukisababisha bendera ya njano, ile ya kupunguza mwendo kwa sababu ya hatari, viwanja vingi hukurudisha mkiani. Bendera nyeusi inakuamuru utoke njiani. Ukiipuuza, mizunguko yako haihesabiwi.

Kosa baya zaidi, kwangu, ni kushuka garini kumfuata aliyekugonga. Mwaka 2014, katika jimbo la New York, dereva aliyeshuka hivyo aligongwa na gari jingine akafa. Siku chache baadaye NASCAR, shirika linalosimamia mbio kubwa za magari Marekani, iliamuru madereva wabaki garini mpaka waokoaji wafike, isipokuwa kwa dharura kama moto. Na fundi wako akizua ngumi, viwanja vingi hukuadhibu wewe dereva.