Boti ikipita juu ya daraja la maji, mzigo hauongezeki

Wengi wanaotembea kando ya mfereji wa Llangollen kule Wales, wakifika daraja la Pontcysyllte lililofunguliwa 1805, linalobeba mfereji wenyewe na maji yake juu ya mto, wanaamini boti ikipita pale juu, kama mita 38 kutoka mto Dee, nguzo zinabeba mzigo zaidi. Ni rahisi kuwaza hivyo, maana lori likipita darajani ndo inavyokuwa. Ila boti inaelea, na kinachoelea kinasukuma maji yenye uzito sawa na wake, yale maji yanasogea mbele na nyuma mferejini, kwa hiyo uzito unabaki uleule.

Jaribu jikoni: jaza sufuria maji mpaka ukingoni, iweke kwenye mizani, soma namba, halafu weka bakuli lielee taratibu, futa yote yaliyomwagika, soma tena. Namba ni ileile, mi hapo ndo nilielewa kabisa.