Kabla ya kununua kifungashio, angalia unachofunga

Tangu mifuko ya rambo ipigwe marufuku Tanzania Bara tarehe 1 Juni 2019, wenye maduka na magenge hutuuliza: sasa tufungie nini? Nasi tunawauliza kwanza: unauza nini? Kinachofaa sukari hakifai chapati.

Sukari, mchele na maharage havisumbui. Mfuko wa khaki unatosha, mradi usiuweke sakafuni penye unyevu. Kazi ipo kwenye chakula cha moto chenye mafuta, ambako wengi wamekimbilia magazeti na madaftari ya zamani ya wanafunzi. Fungua andazi lililofungwa humo likiwa la moto: mara nyingine unaisoma habari ya gazeti kwenye andazi lenyewe. Mafuta yameufungua wino, na mlaji anaula. Ni kweli gazeti linaoza, ila si la kugusana na chakula. Tumia karatasi isiyochapishwa kitu, au jani la mgomba lililooshwa kisha likababuliwa motoni hadi likalainika. Bibi zetu hawakuhitaji semina kulijua hilo.

Lile boksi jeupe jepesi la chipsi ni polistirini, aina ya plastiki. Likipokea mafuta ya moto hulegea, na kemikali zake zinaweza kuingia kwenye chakula. Likitupwa, waokota makopo huliruka. Linabaki mtaroni likimeguka punje punje.

Msidanganywe na rangi ya khaki pia. Vikombe na maboksi mengi ya karatasi yamepakwa plastiki ndani. Loweka kipande kwenye maji usiku kucha, asubuhi kichane taratibu: karatasi itakuwa imelegea, na kama kuna plastiki utaona utando mwembamba umebaki mzima. Vile vile mfuko ulioandikwa kwamba unaoza: baadhi huhitaji mtambo maalumu wenye joto la nyuzi 60 hivi. Dampo la mtaani kwenu si mtambo huo.

Na ule mfuko mbadala unaoitwa wa kitambaa? Si kitambaa, ni nyuzi za plastiki ya polipropilini. Uliruhusiwa ili utumike tena na tena, ndiyo maana unatakiwa kuwa na uzito usiopungua gramu 70 kwa mita ya mraba na uonyeshe jina la mtengenezaji. Ule mwepesi usio na jina, unaochanika kabla mteja hajafika kwake, ni rambo lile lile lililobadili shati.

Binafsi, kifungashio ninachokipenda ni chombo cha mteja. Mafuta ya kupima tumeyanunua kwa chupa zetu miaka yote. Supu na maharage vinashindwaje? Mpunguzie anayekuja na bakuli kiasi kile ambacho ungelipia boksi. Hakikisha tu bakuli ni safi na lina mfuniko, na unapopakua, upawa wako usiguse chombo chake.