Ukipokea Barua, Usiitupe Bahasha

Wengi wetu tukipokea barua tunachana bahasha, tunasoma, kisha bahasha inaishia kwenye pipa la taka. Kwa sisi wahifadhi wa nyaraka, hiyo ni hasara kubwa. Mwandishi huenda aliandika "Jumapili jioni" bila mwaka, akamalizia na jina la utani. Muhuri uliogongwa juu ya stempu ndio unaotaja tarehe na posta ilikopitia, na anwani inaonyesha mpokeaji alikuwa akiishi wapi wakati huo. Bahasha ikipotea, wajukuu watasoma salamu nzuri wasijue zimetoka wapi wala lini.

Bahasha yenyewe haikuwa kitu cha kawaida tangu mwanzo. Nchini Uingereza, kabla ya mageuzi ya mwaka 1840, nauli ya barua ilitegemea umbali na idadi ya karatasi, na mara nyingi mlipaji alikuwa mpokeaji. Bahasha ilihesabiwa kuwa karatasi ya pili, kwa hiyo watu waliikunja barua na kuandika anwani mgongoni mwake. Wengine, ukurasa ukijaa, waliugeuza ubavu wakaandika tena juu ya mistari ileile! Mei 1840 ilipoanza kutumika stempu ya Penny Black, uzito ulikuwa umeshachukua nafasi ya hesabu ya karatasi: barua isiyozidi nusu aunsi, yaani kama gramu 14, ilikwenda popote nchini kwa peni moja. Bahasha zikaenea.

Barua za zamani ulizonazo ziondolee kwanza pini na klipu za chuma, maana kutu hula karatasi. Usizibandike selotepu, wala usizipitishe kwenye mashine ya lamineshini. Gundi ile huacha madoa ya njano yasiyotoka, na madhara ya joto la mashine hayarekebishiki. Zikunjue taratibu na uzilaze kwenye boksi, mbali na jua na unyevu. Karatasi za bei nafuu zinazotokana na rojo la mbao hugeuka njano na kukatika zenyewe kwa sababu ya asidi iliyomo ndani yake, kwa hiyo zitenge na nyingine.

Wewe unayeandika, weka tarehe kamili pamoja na mwaka, mahali ulipo, na majina yote mawili. Ukimtaja "shangazi", sema shangazi yupi. Wino wa kalamu nyingi hufifia kwenye mwanga. Penseli hudumu kuliko watu wanavyodhani.

Barua isiyo na jina wala tarehe ipelekee mzee anayeufahamu mwandiko huo, na uipeleke mapema. Anachokueleza kiandike kwa penseli kwenye kikaratasi cha pembeni, si juu ya barua yenyewe, kisha utaje ni nani aliyekueleza.