Je, wajua? Wanne walimaliza kwa sekunde 11.7, dhahabu ikaenda kwa nani?

Berlin, tarehe 6 Agosti 1936. Wanawake sita wamejipanga kwa fainali ya Olimpiki ya kuruka viunzi mita 80. Bastola inalia, na kabla sekunde kumi na mbili hazijatimia, wanne kati yao wanaukata mstari wa mwisho kwa pamoja. Wapima muda wanatazama saa zao. Wa kwanza 11.7. Wa pili 11.7. Wa tatu 11.7. Wa nne naye 11.7.

Kosa halikuwa la wapima muda. Saa za enzi hizo zilibonyezwa kwa kidole, na zilisomeka hadi sehemu ya kumi ya sekunde, basi. Sehemu ya kumi ni kitu kidogo ukiwa umekaa kwenye kiti, lakini mkimbiaji wa kiwango kile huisogelea tamati kwa karibu sentimita 70 katika muda huo. Humo wanaenea washindani kadhaa na saa isiwatenganishe. Tena mbio zenyewe zilikuwa fupi mno: viunzi vinane vyenye kimo cha sentimita 76.2, mita 8 kutoka kimoja hadi kingine. Ukikwaruza kimoja, huna pa kulipia. Miaka minne nyuma, kule Los Angeles, Babe Didrikson na Evelyne Hall, wote wa Marekani, walikuwa wameandikiwa 11.7 vilevile, na dhahabu ikaenda kwa Didrikson.

Ila Berlin palikuwa na kamera mstarini, iliyopiga picha mfululizo sambamba na muda. Filamu ndiyo iliyotegua kitendawili. Ondina Valla wa Italia, 11.748. Anni Steuer wa Ujerumani, 11.809. Elizabeth Taylor wa Kanada, 11.811. Claudia Testoni, naye wa Italia, 11.818.

Ukipiga hesabu utaona kwamba Valla hakubahatisha: alimwacha wa pili kwa kama sentimita 40. Msongamano wenyewe ulikuwa nyuma yake. Kati ya shaba ya Taylor na mikono mitupu ya Testoni palikuwa na sehemu saba za elfu moja za sekunde, yaani sentimita tano hivi. Upana wa vidole vitatu.

Valla alizaliwa Bologna mwaka 1916, na jina alilopewa na wazazi lilikuwa Trebisonda, la mji wa Trabzon ulioko Uturuki, ambao baba yake aliuhusudu kwa uzuri. Waitaliano wana msemo wao, “kupoteza Trebisonda”, maana yake kupotewa na dira. Sijui wenzake shuleni walimtania mara ngapi! Magazeti yalimjua zaidi kwa jina la Ondina, yaani kiwimbi.

Angeweza kwenda Olimpiki mapema zaidi. Mwaka 1932, akiwa na miaka 16, alitarajiwa kusafiri na timu ya Italia hadi Los Angeles, lakini akaachwa. Uzeeni alisimulia kwamba aliambiwa angekuwa mwanamke pekee kwenye meli iliyojaa wanaume, na hilo lingeleta matatizo. Mwenyewe aliamini kwamba nyuma ya pazia kulikuwa na Vatikani, ambayo haikupenda wanawake wafanye riadha. Baada ya Berlin mambo yakageuka. Alikuwa mwanamke wa kwanza wa Italia kutwaa dhahabu ya Olimpiki, na serikali ya Mussolini, iliyokuwa ikihubiri kwamba kazi ya mwanamke ni kuzaa, ikamkumbatia kama fahari ya taifa.

Mimi lakini huyu Testoni ndiye anayenigusa zaidi. Naye alikuwa wa Bologna, mkubwa kwa Valla kwa miezi mitano tu, na walianza kukimbizana tangu wakiwa wanafunzi. Alipokosa medali Berlin hakutundika viatu. Mwaka 1938 alikuwa bingwa wa Ulaya mjini Vienna, na mwaka 1939 akaweka rekodi ya dunia ya sekunde 11.3, kasi ambayo Valla hakuwahi kuifikia. Olimpiki iliyofuata ilikuwa ya 1940. Vita vikaifuta.

Valla aliolewa na daktari wa mifupa, wakahamia L’Aquila, na huko ndiko alikofariki mwaka 2006 akiwa na miaka 90. Mbio za mita 80 zenyewe zilikwisha kuondoka kabla yake: tangu Olimpiki ya 1972 wanawake huruka viunzi mita 100. Na ile medali iliyohitaji kamera ili ijulikane ni ya nani? Mwaka 1978 wezi waliiba. Mwaka 1984 Primo Nebiolo, rais wa shirikisho la riadha la Italia, akamkabidhi nakala.