Ngitili haikufa kwa kusahauliwa

Katika kila rundo la insha ninalosahihisha, sentensi hii haikosekani: "Maarifa ya asili yanapotea kwa sababu wazee wanafariki na vijana hawataki kujifunza." Baadhi ya wanafunzi huiweka kwenye utangulizi, wengine huitunza kwa ajili ya hitimisho, na pendekezo linaloifuata halibadiliki, yaani tuwahi na kinasa sauti kabla mzee hajaaga dunia. Kwa miaka mingi nimekuwa nikiandika "Ushahidi?" kwa wino mwekundu pembeni mwa ukurasa, safari hii pembeni pamekuwa padogo kwa yale ninayotaka kusema.

Nianze na jambo lisilohitaji maneno mengi. Usalama wa chakula huuliza kama chakula kipo, kinatosha na kinafikika. Uhuru wa chakula, kama ulivyotangazwa na La Via Campesina, vuguvugu la kimataifa la wakulima wadogo, mwaka 1996 na kufafanuliwa katika mkutano wa Nyéléni nchini Mali mwaka 2007, huuliza nani mwenye kauli juu ya ardhi, maji, mbegu na soko. Bwalo la chuo chetu lina usalama wa chakula, maana wali na maharage havikosekani, lakini sijasikia mwanafunzi aliyeulizwa angependa apikiwe nini. Swali hilo la nani mwenye kauli ndilo insha hizo huliruka. Tuendelee.

Ngitili, yaani malisho yanayofungwa kwa msimu, ni mfano wa maarifa ya asili ambao wanafunzi wangu huupenda na kuuharibu kwa wakati mmoja. Mfugaji wa Kisukuma hufunga kipande cha malisho mvua zinapoanza, ili nyasi zikue na visiki vichipue, kisha hukifungua kiangazi kikiwa kimekolea na kwingine kumebaki vumbi. Ndama, ng'ombe wagonjwa na maksai ndio hutangulizwa. Hayo huandikwa vizuri katika insha. Kisha huja aya ya kusikitika kwamba desturi hii "ilisahaulika", na hapo ndipo kalamu yangu husimama.

Shinyanga, mkoa wa Tanzania wenye ngitili hizo, ilivuliwa miti kwanza na serikali ya kikoloni, iliyofyeka vichaka ili kuua mbung'o, na mashamba ya pamba yakaendeleza ufyekaji huo. Halafu ikaja Operesheni Vijiji ya miaka ya 1974 na 1975, ambapo kaya zilihamishwa kutoka kwenye maboma yao na kukusanywa vijijini, huku ngitili zikiachwa nyuma bila mwenyewe wa karibu wa kuzilinda wala wa kumkataza jirani asiingize mifugo. Miti ikawa kuni na nyasi zikaliwa kabla ya kiangazi. Wazee waliojua kila kitu kuhusu ngitili walikuwa hai, tena katika kijiji kipya wakaishi karibu karibu kuliko zamani, kwa hiyo mazingira ya kupeana maarifa hayajawahi kuwa mazuri kiasi hicho! Walichokosa ni mamlaka ya kusema kwamba hapa pamefungwa.

Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, maarufu kama HASHI, ulianza mwaka 1986 ukiwa na imani kubwa katika vitalu na miche, na baadaye ndipo ulipoegemea ngitili zenyewe. Vijiji vilipotambua tena haki ya mtu au kijiji kufunga eneo, vikatunga sheria ndogo, na dagashida, baraza la jadi la Wasukuma, likapewa nafasi ya kuamua mashauri ya waliovunja zuio, eneo la ngitili lilipanda kutoka takriban hekta 600 mwaka 1986 hadi zaidi ya hekta 300,000 mwanzoni mwa miaka ya 2000. Watu waliosahau hawaongezi eneo mara mia tano katika muda usiofika miaka ishirini.

Mbegu ni vivyo hivyo, nami sitakaa hapo. Mkulima wa Kenya aliyejua kuchagua hindi la mbegu hakupungukiwa ujuzi mwaka 2012, sheria ilipokaza makatazo ya kuuza na kubadilishana mbegu zisizothibitishwa. Kilichoongezeka ni hatari ya jela.

Wapo pia wanafunzi wa upande wa pili, wale ambao kila cha asili kwao ni kitakatifu, na hao hunichosha karibu sawasawa. Wamatengo wa Mbinga hulima ngoro kwenye miteremko mikali: mwishoni mwa mvua nyasi hukatwa na kulazwa kwa mistari inayokatizana kufanya miraba, kisha udongo huchimbwa katikati ya kila mraba na kufukiwa juu ya nyasi, hivyo katikati hubaki shimo na pembeni huinuka tuta la kupandia maharage. Shimo hunasa maji na udongo, magugu hutupwa humo yakaoza. Ni kazi ya akili kubwa, na jembe lake limeshikwa zaidi na wanawake, ilhali fedha ya kahawa ya mlima ule ule kwa kawaida imeshikwa na wanaume. Vilevile dumuzi, mdudu wa Amerika ya Kati aliyezuka Tabora kuelekea miaka ya 1980 na kupewa na wakulima jina la Skania, aliyageuza mahindi ya ghalani kuwa unga, na moshi wa jikoni, kinga ya jadi, haukumtosha. Ilibidi kupukuchua na kuchanganya dawa ya dukani.

Hata ngitili hainipi usingizi mnono. Nyingi ni za watu binafsi, na mwenye ardhi kubwa na ng'ombe wengi hufunga eneo kubwa, wakati jirani yake asiye na mifugo hupoteza mahali pa kuokotea kuni. Nikisema mamlaka yalirudi kwa wananchi, ninapaswa kusema yalirudi kwa wananchi gani.

Kwa sababu hiyo nimebadilisha kazi ya uwandani. Mwanafunzi haendi tena kumuuliza mzee anajua nini. Anauliza eneo hili hufungwa na nani, anayevunja zuio hutozwa nini, faini huliwa na nani, na nani hakuitwa kikaoni. Ripoti zimekuwa bora, ila kuzipa alama kumekuwa tabu, kwa maana waliotumwa kijiji kimoja hurudi na majibu yanayopingana kulingana na nyumba walizofikia, na mwongozo wa usahihishaji unanitaka niandike jibu moja sahihi.