Mpambanaji siye "struggling"

Steshenari yangu iko Mwanga, hapa Kigoma mjini, na kila nafasi za kazi zikitangazwa meza hujaa barua za maombi za kuchapa. Juzi kijana mmoja wa Kibirizi alileta yake imeandikwa kwa mkono, mwandiko safi, Kiingereza kimenyooka. Sentensi moja ikanisimamisha: "I always struggle to serve customers."

"Hapa umekusudia kusema nini, mdogo wangu?"

"Kwamba napambana, dada. Mteja aje usiku, aje na hasira zake, mimi namhudumia tu."

Nikamwambia mwenye Kiingereza chake akisoma hapo ataelewa kwamba kuhudumia wateja kunamshinda, tena kila siku. Akacheka. Kisha akanyamaza, maana barua zenye sentensi hiyo alikuwa ameshatuma nne.

Dhana iliyomponza ndiyo kubwa kuliko zote: kwamba "struggle" ni kupambana, basi, habari imeisha. Kwetu siku hizi kupambana ni sifa. Mama anayetembeza dagaa tangu alfajiri ni mpambanaji, na tunampongeza hata kabla hajauza kisado kimoja. Kitenzi cha Kiingereza hakigawi pongezi hiyo. Kinachotangulia kusema ni kwamba jambo ni gumu na limemwelemea mtu. Bidii imo, lakini kama mwishowe alifaulu au alishindwa, hakikuambii. "He struggles to read" ni mtoto ambaye kusoma kunampa tabu, wala hasifiwi kwa kupenda vitabu. "She struggles to be on time" ni mchelewaji. Na ukimwita yule mama "a struggling businesswoman" umetangaza kwamba biashara yake inayumba, pengine imekaribia kufungwa. Nenda mwaloni Kibirizi ukamtafsirie hivyo, uone utakavyorudi.

Kipimo ninachowapa wateja wangu ni rahisi. Mahali ulipotaka kusema "napambana", weka "napata tabu", kisha usome tena. Sentensi ikibaki na maana unayoitaka, andika "struggle". Ikikuaibisha, tafuta neno jingine: "I work hard", "I do my best".

Kosa hili nadhani lina historia yake, wala si ujinga wa mtu. Dar es Salaam ilikuwa makao ya Kamati ya Ukombozi ya OAU, Umoja wa Nchi Huru za Afrika, tangu 1963, na kizazi cha wazazi wetu kilisikia "the liberation struggle" redioni na mikutanoni mpaka likawa neno la heshima: mapambano ya ukombozi. Tafsiri hiyo ni sahihi kabisa. Lakini hapo ni nomino, tena imefungamana na kudai haki. Sisi tumeichukua heshima ya nomino tukaivisha kitenzi cha kila siku, nacho hakiijui.

Wapo pia wanaodhani vineno vinavyofuata kitenzi hiki ni vya kupambia tu. Nimewahi kuchapa "I struggle life" nikarudi kumuuliza mwenyewe. Kitenzi hiki hakipokei yambwa moja kwa moja, na maana yote inakaa kwenye hicho kineno. Kwa "for" unapigania kitu, kwa "against" unakipinga. Kwa "with" kuwa makini: "he struggled with the thief" walikamatana mwilini, lakini "he struggles with English" ni Kiingereza kinachomsumbua. Sisi kazi kama hiyo tunaimaliza ndani ya kitenzi chenyewe, kupigana na kupigania, irabu moja tu imeongezeka na adui amegeuka kuwa haki.

Dhana nyingine huletwa na kamusi za simu: ukiona maneno yamepangwa pamoja kama visawe, chukua lolote. Hapana. "Strive" ni kujibidiisha kwa lengo unalolithamini, na kidogo lina suti na tai. Kijana wangu angeandika "I strive to serve", angekuwa salama, ingawa ningemwona amejikaza sana kwa kazi ya dukani. "Grapple" asili yake inahusiana na kulabu, kwa hiyo hutumika mtu anapolikamata tatizo zito alielewe. "Wrestle" ni mieleka, na humfaa anayevutana na dhamira yake. Ule mkia wa -le kwenye "wrestle" ni wa kitendo kinachorudiwarudiwa, kama sisi tunavyosema tapatapa. Tapatapa yenyewe iko karibu na "flounder": aliyeangukia ziwani na hajui kuogelea. Kamusi itakuonyesha kwa jina hilo hilo samaki bapa wa baharini. Huyo mpite, sisi tuna migebuka. Ila usilichanganye na "founder", ambalo ni chombo kujaa maji na kuzama. Na kwa kuwa mtu wa Kigoma hawezi kutaja chombo kuzama bila Liemba, meli kongwe ya Ziwa Tanganyika, kutajwa: yenyewe haikutapatapa wala haikuzama kwa bahati mbaya. Wajerumani, wenye meli wakati huo, waliizamisha kwa makusudi mwaka 1916, Waingereza wakaiibua 1924, ikarudi kazini 1927. Kuzamisha chombo chako mwenyewe kuna kitenzi kingine tena, "scuttle".

Wanaosema Kiswahili hakina maneno ya kutosha kuifikia "struggle" hawajakaa kijiweni. Anayeishika kazi asiiachie anang'ang'ana. Anayekimbia huku na huku roho juu anahaha. Anayehangaika anakosa utulivu. Na kusota, ambako kamusini ni kujivuta kwa makalio, mtaani ni kutaabika muda mrefu bila matunda. Kwa maoni yangu hilo ndilo lililo karibu zaidi na "struggling" inapoelezea mtu: msanii anayesota, fundi anayesota. Mwambie mtu anasota, hatakushukuru. Mwambie anapambana, atakununulia soda. Tofauti hiyo ndiyo iliyokuwa kwenye barua ya yule kijana.

Mwishowe alichagua "I work hard to serve every customer." Nikamchapia. Akabaki amesimama mlangoni, akauliza kama zile nne za mwanzo zinaweza kufutwa. Tukatuma mpya kwa kila alikokuwa ametuma, na nikamtoza bei ya barua moja.